Wafalme wa Bibi Halina

Jumamosi moja ya Januari, baba mdogo Elia alikuja nyumbani kwetu Old Moshi akiwa amevaa koti la kanisani, na haikuwa siku ya kanisa. Mama alikuwa amekaa uani anachambua kahawa kwenye ungo. Alimwona tangu alipokuwa anaingia kihambani, kwenye migomba yetu, akazidi kuinama juu ya ungo wake, maana walikuwa hawasemeshani tangu Oktoba. Baba mdogo aliziba mfongo, mfereji wetu wa pamoja, siku ya zamu yetu, maji yakaenda kwenye nyanya zake, na Mama alipomfuata akaambulia maneno ambayo mwanamume hamwambii mjane wa kaka yake. Mama aliniapia kwenye simu, mimi nikiwa Ulaya, kwamba hata akifa, Elia asikanyage msibani kwake.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema kitu.

"Marahaba, mwanangu."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, akamnyooshea Mama kwa mikono miwili. Mama alilitazama kwa muda wa kutosha kumtoa mtu jasho. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Haya, kaa," akasema. "We Ndeshi, mpe baba yako chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima. Miezi mitatu ya kununiana iliisha kabla maji hayajachemka.

Kwa asiyetujua sisi Wachagga: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, unasamehe. Hushauriwi kusamehe, unasamehe. Na ukishalipokea, shauri limefungwa. Halifukuliwi tena, si na wewe wala na yeye. Baba mdogo alipoondoka nilimwuliza Mama kama ameridhika. "Kuridhika ni kitu kingine," alisema. "Nimepokea."

Nilikuwa likizo. Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari huko Ukraine, katika mji usio mkubwa ulio karibu na mpaka wa Urusi. Kila jioni televisheni ilionyesha vifaru vikiwa vimepangwa kwenye theluji upande wa pili, na Mama aliniuliza mara moja tu kama kuna usalama. Nilimjibu kwamba wanatishana tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa na uhakika na kila kitu. Siku ya kuondoka, Mama alinikabidhi mfuko wa kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. "Mpe yule bibi yako mwenye nyumba. Mwambie asiichemshe kama anachemsha mizizi."

Mwenye nyumba wangu aliitwa Bibi Halina. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mjane, miaka sabini na mitano, mfupi, na alitembea kama mtu aliyechelewa kipindi. Hakuwa na mtoto. Nilipanga chumba kimoja kwake, tukawa tunapika pamoja, na kwa kuwa hakuwa na wanafunzi tena, mwanafunzi nikawa mimi.

Somo lake lilikuwa wafalme. Alikuwa amegeuza kipande kirefu cha karatasi ya ukutani, akachora nyuma yake ukoo wa wafalme wa Ulaya, akaubandika jikoni juu ya meza. Wino mweusi ulikuwa wa waliokufa kifo chao. Mwekundu ulikuwa wa waliouawa na ndugu au kwa hila za ndugu, na mwekundu ulikuwa mwingi. Aliwazungumzia watu hao vile Mama anavyowazungumzia majirani zetu, yaani umbea wenye ushahidi. Alinisimulia malkia aliyempindua mumewe kwa msaada wa askari walinzi, mume akafa siku chache baadaye, na wananchi wakatangaziwa kwamba ni tumbo. Alinisimulia malkia mwingine aliyemfungia binamu yake, naye malkia, miaka kumi na tisa, akatia saini akatwe kichwa, kisha akalia kwamba hakutaka ile karatasi ipelekwe.

"Lakini ni ndugu!" nilisema siku moja, kisu cha viazi mkononi.

"Hawakuwa wabaya kuliko watu wengine," alisema. "Wewe ukigombana na ndugu yako unakwenda kwa nani?"

"Kwa wazee wa ukoo."

"Na mfalme anakwenda kwa nani?"

Alipenda kunichokoza. Alisema mlima wetu sisi watu wa Moshi ulitolewa na malkia wa Waingereza kumpa mjukuu wake, mfalme wa Wajerumani, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nikamwambia hadithi hiyo tunaijua tangu shule ya msingi, na walimu wetu wanasema ni porojo, mpaka wetu na Kenya ulipindishwa na wanaume wenye rula na mikataba. "Najua ni porojo," alijibu. "Lakini haikushangazi, sivyo? Hilo ndilo baya lake."

Dirishani jikoni, kwenye chungu cha udongo, alikuwa na isale. Siku ya kwanza kuiona nilicheka mpaka nikakaa. Kwetu kuku wanalala chini yake na mbuzi anafungwa hapo. Kwake ilipanguswa vumbi jani moja moja kwa kitambaa chenye maziwa kidogo. Mumewe aliinunua ikiwa na majani manne, miaka mingi kabla hajafariki. Nilimwambia kwetu ipo tele. Kazi yake sikumweleza. Hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake.

Jumatano moja jioni, mwishoni mwa Februari, tulikunywa kahawa ya Mama. Alilalamika kwamba ni kali mno, akajimiminia kikombe cha pili.

Alhamisi, kabla hakujakucha, vioo vya madirisha vilitetemeka.

Nilifikiri ni lori.

Vikatetemeka tena. Nilipotoka chumbani, Bibi Halina alikuwa amesimama ukumbini, amevaa koti na viatu, ameshika mfuko wa dawa zake.

"Shuka," alisema. "Chukua blanketi."

Chini ya jengo kulikuwa na ghala ambamo wapangaji waliweka viazi na mitungi ya matango ya siki. Humo tuliishi siku kumi na mbili, watu kama ishirini, tukikaa juu ya mbao na magunia. Mchana milio ikitulia tulipanda kupika. Maji yalikatika siku ya nne, tukawa tunayeyusha theluji, na naweza kuwaambia kwamba ndoo nzima ya theluji inatoa maji ya kunawia uso tu. Sikuwahi kuipenda theluji. Ile ya kilele cha Kibo inapendeza kwa sababu iko mbali.

Nilichojifunza ni kwamba vita kwa sehemu kubwa ni kukaa. Unakaa, unasikiliza, unakadiria umbali. Kulikuwa na watoto sita na mama zao, na mama hao walikuwa wakichungulia simu kutwa. Siku ya pili Bibi Halina aligonga mtungi kwa kijiko, kama anaita darasa, akaanza kusimulia wafalme. Alisimulia kila siku. Mabomu yakilia karibu aliacha kusema, yakiisha aliendelea pale pale alipoachia, hata kama ni katikati ya neno.

Kisa kilichonikaa ni cha wale binamu watatu. Mmoja mfalme wa Waingereza, mmoja wa Wajerumani, mmoja wa Warusi. Walikua wakicheza pamoja likizo, wawili kati yao walifanana hata wajomba waliwachanganya. Vita vikuu vilipokuwa vinaanza, Mjerumani na Mrusi walitumiana simu za maandishi za upendo, wakiitana majina ya utotoni, na majeshi yao yalikuwa yameshaanza kutembea. Mrusi alipopinduliwa, Waingereza walisema wangempokea yeye na watoto wake. Baadaye binamu yake Mwingereza akaingiwa na hofu, akakataa.

"Alikuwa na meli," Bibi Halina alisema. "Meli alikuwa nazo nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Ila aliogopa kelele nyumbani kwake."

"Wakaenda wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Walisafiri mbali," alijibu. Hakusema kwamba waliuawa wote katika chumba cha chini ya nyumba. Mimi nilijua, nikaangalia magunia.

Sasa niseme kuhusu dawa, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nazo. Bibi Halina alikuwa na moyo uliochoka. Alimeza vidonge vya moyo na vya kutoa maji mwilini, kila asubuhi, bila kukosa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nilivihesabu siku ya kwanza kule chini: vilikuwa vya siku ishirini. Maduka ya dawa yalifungwa au yalibaki na rafu tupu. Nilipanga foleni mara tatu, nikarudi na bandeji na pipi za kikohozi. Barabara zote za kuingia mjini zilikuwa zimezibwa. Kila asubuhi nilimwona akimeza, nami nikipunguza kimoja kichwani.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, simu yangu ilipata mtandao. Kiongozi wetu wa wanafunzi alikuwa ameandika: kesho saa tatu, mabasi ya wanafunzi wa kigeni, njia imekubaliwa na pande zote. Wazee wagonjwa wanaruhusiwa. Nilisoma mara mbili, nikaenda kukaa karibu na Bibi Halina.

"Tunaondoka kesho," nilimwambia. "Mimi na wewe."

"Wewe unaondoka kesho."

"Vimebaki vya siku nane."

"Najua kuhesabu, Ndeshi."

Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kinachotokea moyo wa namna ile ukikosa dawa. Nilimweleza kama nilivyofundishwa darasani, bila kuficha. Alisikiliza, akasema kwamba mumewe amezikwa pale, kwamba hana mtu kule mabasi yanakokwenda, kwamba mwanamke wa miaka sabini na mitano akitoka nyumbani na mfuko mmoja harudi tena. Nikamwambia atakuja Moshi. Akacheka. Na kicheko hicho ndicho kilichonichoma, maana nilimaanisha.

"Mumeo amekufa," nilisema. "Hakungoji popote. Unabaki kulinda kaburi na ua la chungu, na wafalme wako wa kwenye karatasi, halafu mimi ndiye nitakayeishi na jambo hili. Wewe ni mzee mbinafsi."

Ghala lote lilisikia. Bibi Halina aligeuka, akatazama ukuta.

Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Nilimpa chai, hakupokea. Nilimwomba radhi kwa maneno, lakini lugha yao sikuijua vya kutosha kuomba radhi. Maneno niliyonayo yalikuwa ya darasani na ya sokoni. Nikaona kwamba kesho nitaondoka bibi huyu akiwa amenipa mgongo. Kwetu mtu hafungi safari ndefu akiacha kinyongo nyuma. Ndipo wazo likanijia, na nakumbuka lilinijia kama furaha.

Nikapanda juu.

Mlipuko wa usiku uliopita ulikuwa umevunja dirisha la jikoni. Baridi ilikuwa imeingia humo ikakaa.

Isale ilikuwa imeungua kwa barafu. Majani yalikuwa meusi, yamelala juu ya ukingo wa chungu. Lilibaki moja katikati, la kileleni, bado kijani.

Nilisikia mvumo. Nikalala chini, juu ya vioo.

Jengo la ng'ambo ya barabara lilipigwa. Vumbi liliingia dirishani taratibu.

Nikainuka. Nikakata jani.

Nilishuka ngazi nikiwa nimelifunga fundo, nikapiga magoti mbele yake, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama baba mdogo Elia. Damu ilikuwa inanitoka kiwikoni na sikuwa nimeiona.

Bibi Halina aligeuka. Alilitambua jani mara moja. Uso wake ukabadilika, na haukubadilika kwa namna niliyoitarajia.

"Umelikata," alisema.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwangu nilikuwa nimeleta msamaha. Kwake nilikuwa nimemtukana mumewe, kisha nikapanda juu nikakata kitu cha mwisho alichomwachia, nikamletea kikiwa na fundo. Watu walinitazama kama kichaa. Mikono yangu ilibaki pale hewani, kwa sababu isale iliyonyooshwa hairudishwi, na sikujua cha kufanya nayo isipopokelewa. Sijawahi kuona isale ikikataliwa.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya. Nilitaja kaburi, mpaka, mfongo, baba mdogo. Mwanzoni alisikiliza kwa hasira. Halafu, taratibu, mwalimu akaamka ndani yake.

"Anayeletewa jani hili lazima asamehe?"

"Lazima."

"Hata mfalme?"

"Hata mangi, mfalme wetu. Hata vita vya mangi na mangi."

"Na akishapokea?"

"Basi. Shauri limefungwa. Halizungumzwi tena."

"Na nani?"

"Na yeyote. Si mimi, si wewe."

Akanyoosha mkono, akalichukua jani, akaliweka mapajani. Nililia kwa sauti. Akanifuta damu kwa kitambaa chake, na nikaona kwamba Mungu yupo hata kwenye ghala la viazi.

Baada ya kama nusu saa, nikasema: "Sasa tukusanye nguo zako. Basi ni saa tatu."

Aliinua jani.

"Shauri limefungwa," alisema. "Umesema mwenyewe. Nimepokea."

"Nilimaanisha matusi! Si safari."

"Tuligombana kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya basi. Nimekusamehe, na basi halizungumzwi tena." Alikuwa anatabasamu. "Wafalme wangu wangelipenda sana jani hili."

Ningeweza kuendelea. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye; niliwahi kumwinua peke yangu alipoteleza bafuni. Ningeweza kuwaita vijana wawili wa kujitolea wakambeba hadi kwenye kiti, akipiga kelele njia nzima. Lakini nilikuwa nimenyoosha isale kwa mikono yangu mwenyewe na imepokelewa, na mimi ni mtoto wa Old Moshi. Nikafunga mdomo.

Asubuhi alinisindikiza hadi ngazi ya mlangoni. Alinipa mkate na chumvi kwenye karatasi, akaniambia nimwambie mama yangu kwamba kahawa yake inaua. Tulikumbatiana. Hatukulizungumza basi. Nilipanda, nikapata kiti cha dirishani, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu hadi tulipofika kwenye treni ya kwenda magharibi.

Mama alinipokea Moshi akiwa na kanga ya kunifunika, kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Sikumweleza kitu. Mwezi wa nne ulipoanza, jirani aitwaye Oksana, aliyekuwa nasi kule chini, aliniandikia. Bibi Halina alifariki mwishoni mwa mwezi wa tatu. Alianza kuvimba miguu, akashindwa kulala chali, siku za mwisho alikaa kitini akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Aliendelea kusimulia mpaka sauti ikakatika. Barabara zilifunguliwa siku chache baada ya kumzika, na dawa zikaingia kwa malori.

Dalili zile zote nilikuwa nimemtajia mwenyewe, kwa mpangilio ule ule.

Nilimalizia masomo hapa nyumbani, kwa kurudishwa nyuma, na sasa nafanya kazi hospitali moja mjini na kukaa Shirimatunda. Wauguzi wananiita Daktari Kelele. Mzee akikataa kulazwa, mimi humgombeza, huwagombeza wanawe, humfuata hadi kwenye bajaji. Wapo walionishtaki kwa mganga mkuu. Wapo waliorudi kunishukuru, na wapo ambao hawajanisemesha mpaka leo. Silalamiki.

Mama nilimweleza mwaka jana, alipokuja kukaa nami wiki moja. Nilimweleza yote, pamoja na jani, na nakiri nilitegemea anisifu. Nilikuwa nimeheshimu mila ugenini, chini ya mabomu, mbele ya watu wasiotujua.

"Mae," Mama aliguna kwa Kichagga. "Sasa haraka ilikuwa ya nini, mwanangu?"

"Ya kuomba radhi?"

"Ungemwacha na hasira zake ukamkokota nazo hivyo hivyo ndani ya basi. Akutukane njia nzima. Radhi ungemwomba hapa, akiwa amekaa kwenye hicho kiti."

Akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Hakusema kwa ukali. Mama akisema jambo zito hushusha sauti. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba sikujua, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba pale chini mtu hafikiri sawasawa. Lakini nilijua. Vidonge nilivihesabu mimi. Nilichokitaka kuliko vyote, asubuhi ile, ni kuondoka nikiwa nimesamehewa, na niliondoka nimesamehewa.